Vidole Viwili vya Mwalimu Ogwang

Asubuhi ya Jumanne, Mwalimu Ogwang alikuwa amewapa mgongo watoto wa darasa la nne, anaandika hesabu ubaoni, chaki ikamponyoka. Akainama, akaiokota. Ikamponyoka tena. Mara ya tatu hakuinama. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaona kidole cha mwisho na jirani yake, kile cha pete, vimejikunja kuelekea kiganjani kama vya mtu aliyeshika mpini wa jembe. Akataka vinyooke, vikagoma. Akavinyoosha kwa mkono wa kushoto, vikatii, lakini alipoviachia vikarudi polepole pale pale vilipokuwa.

Nyuma yake mtoto mmoja alicheka. Ogwang akautia mkono mfukoni, akawaambia watoe vitabu wasome kimya, akakaa kitini mpaka kengele ilipolia. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, lakini shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

Ogwang alizaliwa Kwapa, na mtu wa kule, wa umri wake, haoni vidole viwili vya mwisho vikijikunja bila kumkumbuka mtu fulani. Yeye alimkumbuka baba yake mdogo, Okanya. Okanya alianza hivyo hivyo: vidole viwili, kisha ganzi, kisha vidonda ambavyo mwenyewe hakuvisikia, mpaka watu wengine wakavinusa. Wakamjengea kibanda ng'ambo ya kinamasi. Mama yake Ogwang ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Alikiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma, ndipo akamwita jina. Okanya alipokufa, kibanda kilichomwa na kila kilichokuwamo, na nyumbani hakuna aliyemtaja tena.

Ukoma. Neno lenyewe Ogwang hakulitamka hata moyoni. Alilizunguka kama mtu anavyolizunguka shimo gizani.

Hayo yalikuwa Oktoba ya mwaka 1964. Lakini tangu Machi kulikuwa na jambo jingine ambalo Ogwang hakumwambia mtu, hata Selpher mkewe.

Mwaka wa uhuru, hakimu mmoja Mwingereza alipofunga mizigo na familia yake kuondoka Tororo, aliliachia kanisa piano na sanduku la vitabu vya muziki. Piano ikawekwa ukumbini, na ufunguo akapewa Ogwang kwa kuwa ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya. Alikuwa amepiga kinanda cha kukanyaga kwa miaka kumi na miwili, nyimbo za ibada zile zile, na kusoma noti alijifunza mwenyewe, kwa kuungaunga. Ndani ya sanduku alikuta kitabu cha jalada la kijani chenye vipande kumi na viwili. Cha tisa alikijua. Aliwahi kumsikia mke wa hakimu akikipiga alasiri moja, naye akasimama dirishani na karatasi za kwaya mkononi mpaka kikaisha, na hakujua ni wakati gani karatasi zilimwanguka.

Hakukuwa na jina alilolielewa juu ya ukurasa, kwa hiyo alikiita Namba Tisa.

Machi ile, kwanza alikipeleka kwa Bwana Noronha. Huyu alikuwa Mgoa, mtu wa Goa kule India, karani mstaafu wa reli, aliyefundisha piano barazani kwake karibu na stesheni. Noronha alifungua ukurasa wa Namba Tisa, akautazama, akamwambia Ogwang apige chochote anachojua. Ogwang akapiga wimbo wa Pasaka kwa nguvu zake zote. Mzee akafunga kitabu.

"Hii miaka sita," alisema. "Labda saba. Mkono yako napiga kama napasua kuni. Anza hapa." Akampa kitabu chembamba chenye picha ya bata.

Ogwang alikuwa na miaka thelathini na minne. Darasa zima husimama anapoingia, na waimbaji ishirini na sita humtazama mkono ili wavute pumzi. Akakirudisha kitabu cha bata mezani, akasema asante, akaondoka. Njiani aliapa kwamba atakipiga Namba Tisa bila ya Mgoa wala nani. Tena alikwisha mwahidi kasisi kwamba siku ya kufungua kanisa jipya, Jumapili ya kwanza ya Desemba, atawapigia watu kitu ambacho hawajapata kukisikia.

Basi kila siku, watoto wakishatoka, alijifungia ukumbini hadi jua lizame. Namba Tisa ilitaka kidole gumba na kidole cha mwisho vitanuke hadi mwisho wa kutanuka na kugonga pamoja, mbio, kurasa mbili mfululizo. Mkono wake ulikuwa mfupi. Akaulazimisha. Ulipouma alijiambia kwamba hata jembe jipya huumiza kwanza. Ulipoungua kuanzia kiwiko hadi kidoleni, akapaka mafuta ya kuchua na kuendelea. Mwezi wa Agosti aliona kwamba vile vidole viwili vya mwisho ndivyo dhaifu, akakata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akavifunga kwa nyuma kila alipokuwa akisahihisha madaftari, ili vipambane na mpira vipate nguvu. Mpira aliuficha ndani ya soksi.

Sasa baada ya Jumanne ile, mtu mwingine angeupumzisha mkono. Ogwang aliuongezea kazi. Alifikiri hivi: kama mkono unakufa, na ufe ukiwa umekwisha piga Namba Tisa hata mara moja. Alikwenda ukumbini akiogopa na kurudi akiogopa, na katikati, wakati vidole vinagonga, woga ulipungua kidogo, akadhani hiyo ndiyo dawa. Lakini kila jioni vidole vilikuwa vimezama kiganjani zaidi ya jana. Upande wa mkono ukaanza kufa ganzi. Asubuhi aliamka kabla ya wote, akajichoma kwa sindano ya kushonea ili aone anasikia wapi na wapi hasikii. Siku moja alisikia, siku ya pili hakusikia, siku ya tatu hakujua kama anasikia au anajidanganya.

Nyumbani aliacha kumpakata mtoto. Aboth alikuwa na miezi minane, amezoea kurushwa juu na baba yake kila jioni. Sasa alitambaa hadi miguuni pake, akainua mikono, naye Ogwang akasimama akaenda kuangalia kuku. Alianza kula peke yake, kwa kisingizio cha kazi nyingi. Alitenga kikombe. Aliosha kikombe hicho mwenyewe, na Selpher akamwona.

Selpher alikuwa binti wa Kisamia kutoka Busia, si mtu wa maneno mengi. Kwanza alidhani kuna mwanamke. Akangoja asikie harufu, aone barua. Hakuona kitu. Halafu Jumamosi moja alimmiminia mumewe chai, chai ikafurika, ikamwagikia mkono wa kulia uliokuwa mezani. Ogwang hakuuondoa. Alisikia moto, lakini kwa mbali, kama kelele za nyumba ya jirani. Alipoinua macho alimkuta Selpher ameishika birika vile vile, anautazama mkono.

"Baba Aboth," alisema kwa sauti ya chini. "Nyoosha vidole."

Ogwang aliuvuta mkono kuelekea mfukoni.

"Nyoosha nione."

Akajaribu. Vitatu vikanyooka.

Selpher aliiweka birika chini. Akaenda kumchukua mtoto aliyekuwa kwenye mkeka, akambeba, akasimama naye mlangoni, nusu ndani nusu nje. Ogwang aliona vile alivyomshika, mkono mmoja ukimfunika kichwa kama kwamba kuna mvua. Jambo hilo lilimuuma kuliko vidole.

"Tangu lini?" aliuliza Selpher.

"Ni kama wiki tatu. Nne."

"Na umelala na sisi humu."

"Sikujua ni nini. Mpaka leo sijui."

"Unajua. Ndiyo maana una kikombe chako." "Alhamisi kuna kliniki ya ngozi Busia, upande wa Kenya. Metrine niliyesoma naye ndiye sista pale. Tutakwenda sote. Na mtoto."

"Mtoto wa nini?"

"Tutakwenda na mtoto," alisema Selpher.

Siku tano hizo Ogwang hakuwa na usingizi wala hamu ya kula. Hakwenda ukumbini. Alifikiri habari ya shule, jinsi wazazi watakavyokuja kuwatoa watoto wao mmoja mmoja. Alifikiri madaftari yote aliyoyashika. Alifikiri jiwe la mama yake kando ya kinamasi, akajiuliza kama Selpher naye angerudi nyuma hatua ngapi kabla ya kumwita.

Alhamisi walipanda basi la asubuhi, wakashuka mpakani, wakavuka kwa miguu kati ya wachuuzi wa samaki na wanawake wenye vikapu vya mtama. Ogwang alivaa koti ili mkono ukae mfukoni. Kliniki ilikuwa chumba kimoja cha mabati na benchi refu nje. Watu kama kumi walikuwa wameketi, wengine miguu imefungwa vitambaa. Mzee mmoja alimsogezea nafasi na kumpa mkono. Ule mkono haukuwa na vidole. Ogwang akausalimu, na baada ya hapo hakujua aiweke wapi mikono yake. Selpher aliketi kwenye benchi hilo hilo, lakini kati yake na mumewe akaacha nafasi ya mtu mzima kuketi.

Sista Metrine alikuwa mnene, mwepesi wa hatua, kalamu imechomekwa kwenye nywele chini ya kofia. Alimkumbatia Selpher, akamtazama Ogwang, akaacha kutabasamu.

"Shemeji, vua shati. Na suruali pia, baki na kaptula. Hapa hakuna aibu."

Alimzungusha kwenye mwanga wa dirisha akitafuta mabaka. Alimfumba macho kwa kitambaa, akawa anamgusa kwa kipande cha pamba, mgongoni, mashavuni, mikononi, akimwambia aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Ogwang alionyesha. Ilipofika upande wa mkono wa kulia alibaki akingoja pamba, akingoja, kisha akagundua kwamba pengine imekwisha pita.

"Umenigusa?"

Metrine alimfungua macho, akampapasa nyuma ya kiwiko, pale panapopita mshipa wa fahamu. Alibonyeza. Ogwang akaruka, maumivu yakamfika kidole cha mwisho. Metrine akapapasa kiwiko cha pili, akarudi cha kwanza, akapapasa shingo na nyuma ya goti.

"Niletee mtoto," alisema.

Selpher alimlaza Aboth mezani na kumvua nguo. Mtoto alicheka kwa baridi ya meza. Metrine akamgeuza kifudifudi, akamchunguza makalio, mapaja, nyuma ya masikio, kila mkunjo wa mwili. Ogwang alisimama na kaptula, mikono kifuani, na woga aliokuwa nao tangu Jumanne ile ya chaki ulionekana kama mchezo mbele ya huu wa sasa. Aliomba. Alimwambia Mungu achukue mkono, achukue yote miwili, achukue na miguu. Metrine aliinamia mahali fulani begani mwa mtoto, akakaa hapo muda mrefu, akasugua kwa kidole kilicholowa.

"Ni masizi," alisema. "Mvishe."

Selpher akaketi sakafuni, mtoto mikononi, akajifunika uso kwa khanga.

Metrine alivuta kiti mbele ya Ogwang. "Mtoto hana kitu. Na wewe sioni baka hata moja. Mshipa wa mkoma huvimba, unaushika kama kamba. Wako haukuvimba, umekasirika tu. Shemeji, unafanya kazi gani na mkono huu?"

"Nafundisha."

"Chaki haifanyi hivi. Unakamua ng'ombe? Unashona?"

"Hapana. Nafundisha tu."

Akakigeuza kidole cha pete kwenye mwanga. Kulikuwa na alama imezunguka, nyeusi, imezama ndani ya ngozi. "Hii ni ya nini?"

Ogwang alitazama chini. Aliona aibu mpya, na ilimshangaza kwamba mtu aliyekuwa tayari kufa bado ana nafasi ya aibu.

"Mwambie," alisema Selpher kutoka sakafuni. "Kama ni uchawi, mwambie. Kama ni mwanamke, mwambie."

"Ni mpira wa baiskeli," alisema Ogwang.

Akaeleza yote: hakimu, kitabu cha kijani, Mgoa na bata wake, ahadi kwa kasisi, saa tatu na zaidi kila siku, mpira. Metrine alimwambia amwonyeshe mezani jinsi anavyopiga. Ogwang akautanua mkono juu ya ubao na kuanza. Bega lilipanda hadi sikioni, kifundo cha mkono kikakakamaa kama mti, misuli ikasimama, na vidole viwili vya mwisho, badala ya kugonga, vikajikunja vyenyewe chini ya mkono. Selpher alisimama kuangalia.

"Basi, basi," alisema Metrine na kuushika mkono. "Nani alikufundisha kufanya hivi?"

"Hakuna."

"Nimeona." Akafikiri kidogo. "Sikiliza, shemeji. Leo sioni ukoma. Utarudi Februari nikuangalie tena, maana ugonjwa huu hujificha, siwezi kukuapia. Lakini nitakuambia kitu usikifurahie. Wale walio nje pale, kila mmoja nina vidonge vyake. Hili lako sina kidonge. Ukiendelea hivi, mkono wako utakuwa kama mikono yao bila kuugua ukoma. Usiguse hiyo piano. Usibebe ndoo. Usilalie mkono. Mpira utupe chooni."

"Vidole vitarudi?"

"Sijui," alisema Metrine.

Walirudi mpakani jua limewaka. Ogwang alidhani atasikia furaha, lakini neno lile la sijui lilimfuata hatua kwa hatua. Karibu na kizuizi cha polisi Selpher alisimama, akamgeukia.

"Ulinificha wimbo," alisema. "Nimekaa mwezi mzima nikijiuliza nitamlea mtoto wapi, kumbe ni wimbo."

"Nilitaka uusikie siku ile pamoja na watu."

"Mimi sikuuomba." Kisha akamfungua Aboth mgongoni, akampa. "Mbebe. Kwa mkono wa kushoto."

Jumapili ya kwanza ya Desemba kanisa jipya lilifunguliwa, na piano ilibaki na kifuniko chake. Ogwang alikwisha mwambia kasisi ukweli, na kasisi akasema ni vizuri, kwaya itaimba wimbo mmoja zaidi. Hakuna aliyeuliza habari ya kile kitu kisichopata kusikika. Hilo nalo lilimkaa kooni. Alikuwa amedhani watu wanaungojea mkono wake kama kitu cha ajabu, kumbe wao walitaka kuimba tu.

Februari alikwenda Busia peke yake. Metrine akamvua, akampima kwa pamba, akamwambia kwamba ukoma haupo, asahau neno hilo. Ganzi ilikuwa imepungua. Kidole cha pete kilinyooka karibu chote. Cha mwisho kilibaki na kona, na kila asubuhi Ogwang alikikagua kabla hata ya kunawa, akikipima kwenye ukingo wa kitanda.

Wiki ileile alikwenda stesheni. Bwana Noronha alikuwa barazani akisoma gazeti. Hakuonyesha kumshangaa. Alivaa miwani, akaomba mkono, akautazama mbele na nyuma kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Mmoja rafiki yangu kule Goa alifanya hii," alisema. "Sasa yeye nauza vitambaa. Hapigi tena."

"Nimechelewa?"

"Mimi si daktari. Kaa."

Ogwang akaketi mbele ya piano ndogo ya mzee, mikono mapajani. Hakuweza kuinyanyua. Tangu Oktoba hakuwa amegusa noti, na sasa vile vibao vyeupe vilikuwa kama meno ya kitu kilichomng'ata. Alisikia treni ya mizigo ikijipanga uwanjani, behewa likigonga behewa, na kila mgongano ukampitia kiwikoni.

"Mkono naogopa," alisema Noronha.

"Ndiyo, Bwana. Unaogopa."

"Vizuri. Mbele haikuogopa kitu." Mzee akaleta kiti, akaketi kulia kwake, akafungua kiganja chake chenye mikunjo na kukiweka juu ya vibao. "Weka mkono yako juu ya mkono yangu. Usipige. Lala tu."

Ogwang akauweka. Bega lake lilikuwa juu, na Noronha akangoja bila kusema, mpaka likashuka. Kisha akauvuta mkono wake polepole kutoka chini, na mkono wa Ogwang ukabaki umelala juu ya vibao, vidole vitano, kimoja kina kona.

"Sasa kidole ya mwisho," alisema mzee. "Moja tu. Na kama nauma, wacha."

Ogwang alikitazama kidole hicho kwa muda. Akakibonyeza, na noti ikatoka ndogo, nyembamba, karibu isisikike kwa treni.

"Nauma?"

"Hapana."

"Basi leo imekwisha," alisema Noronha, akafunika piano. "Kesho kutwa tena. Moja."